Kesi Ikishakwisha, Nani Ataifungua Tena?

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu mawakili, walimu na wanafunzi wa sheria, mabibi na mabwana,

Nimealikwa nizungumzie watu wanaofungwa kwa makosa ambayo hawakuyatenda, na bila shaka walionialika walitarajia nieleze zaidi jinsi mambo hayo yanavyotokea: shahidi aliyemfananisha mtu, askari aliyemtesa mtuhumiwa mpaka akakiri, wakili wa utetezi aliyefika mahakamani bila kulisoma jalada. Hayo nitayagusa. Hata hivyo, kwa muda ambao nimefanya kazi ya kupitia majalada ya kesi zilizokwisha, kilichonikosesha usingizi zaidi ni jambo jingine. Kumtia hatiani mtu asiye na hatia kunaweza kuchukua siku chache za kusikiliza mashahidi, ilhali kumtoa huchukua miaka kumi, ishirini, wakati mwingine arobaini na zaidi. Tofauti hiyo haisababishwi na ugumu wa kuupata ukweli, kwa kuwa mara nyingi ukweli huwa umelala ndani ya jalada tangu mwanzo. Inasababishwa na taratibu tulizozitunga wenyewe, ambazo zinaihesabu kesi iliyokwisha kuwa imekwisha kweli, na zinamtaka anayedai kuonewa aende kubisha hodi kwa wale wale waliomhukumu. Wahenga walituonya kuhusu kesi ya ngedere kumpa nyani hakimu, nasi tumeifanya kuwa kanuni ya mwenendo.

Naomba mniruhusu nikae kidogo na kesi ya Iwao Hakamada wa Japani, kwa sababu humo mna karibu kila ninachotaka kukisema. Mwezi Juni 1966, katika mkoa wa Shizuoka, kiongozi mmoja wa kiwanda cha miso, ile rojo nzito ya soya iliyochachushwa, aliuawa kwa kuchomwa kisu pamoja na mke wake na watoto wao wawili, kisha nyumba yao ikatiwa moto. Hakamada, bondia wa zamani aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho, alikamatwa mwezi Agosti akiwa na umri wa miaka 30. Alihojiwa kwa takribani siku ishirini, wastani wa saa kumi na mbili kwa siku, mpaka akakiri. Yaliandikwa maelezo 45 ya kukiri kwake, na mahakama yenyewe iliyakataa 44 ikabaki na moja. Katika maelezo hayo ilidaiwa kwamba aliua akiwa amevaa nguo za kulalia. Halafu, mwaka mmoja na miezi miwili baada ya mauaji, kesi ikiwa tayari inasikilizwa, zikaibuka nguo tano zenye damu ndani ya pipa la miso pale kiwandani, na hadithi nzima ikageuzwa ili ifuatane na nguo hizo.

Zitazameni nguo zenyewe. Suruali ilikuwa ndogo. Alipoambiwa aivae wakati wa rufaa, iligoma mapajani. Upande wa mashtaka ukasema imesinyaa kwa kulowa ndani ya miso, na kwamba herufi B iliyokuwa kwenye lebo yake ilionyesha kipimo kikubwa. Miaka mingi baadaye, nyaraka zilipotolewa hadharani, ilibainika kwamba herufi ile iliashiria rangi ya kitambaa, haikuhusu ukubwa wake hata kidogo, na maelezo ya mtengenezaji kuhusu jambo hilo yalikuwa mikononi mwa wapelelezi muda wote huo. Damu nayo ilikuwa bado na wekundu. Waliokuwa wakimtetea walichukua vitambaa vyenye damu, wakavizika ndani ya miso, wakasubiri, na walipovitoa damu ilikuwa imegeuka nyeusi. Jaribio hilo halikuhitaji maabara wala fedha nyingi. Lingeweza kufanywa mwaka 1967 na mtu yeyote mwenye pipa na subira, kama tu angekuwapo aliyetaka kujua jibu.

Alihukumiwa kifo mwaka 1968, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 1980. Ombi lake la kwanza la kutaka kesi isikilizwe upya liliwasilishwa 1981, likakataliwa kwa mara ya mwisho 2008. Ombi moja, miaka 27. Ombi la pili ndilo lililofanya Mahakama ya Wilaya ya Shizuoka iamuru, mwezi Machi 2014, kwamba kesi ifunguliwe na mzee huyo aachiwe, baada ya kukaa kizuizini karibu miaka 48, akiamka kila asubuhi bila kujua kama ndiyo siku ya kunyongwa. Mngedhani mambo yaliishia hapo. Waendesha mashtaka walikata rufaa dhidi ya amri ile. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Tokyo ikaitengua. Desemba 2020 Mahakama ya Juu ikalirudisha suala. Machi 2023 ikaamuliwa tena kwamba kesi ifunguliwe. Na tarehe 26 Septemba 2024 hatimaye akatangazwa kuwa hana hatia, mahakama ikisema wazi kwamba ushahidi, nguo zile zikiwamo, ulitengenezwa na wapelelezi. Alikuwa na umri wa miaka 88. Akili yake ilikuwa imeshapotelea gerezani, na aliyemsemea ni dada yake Hideko, mwenye umri wa miaka 91, aliyeipigania kesi hiyo kwa zaidi ya nusu karne.

Hesabuni vizuri miaka kumi ile ya mwisho. Tangu 2014 hadi usikilizaji mpya ulipoanza Oktoba 2023, hakuna aliyekuwa akibishana kama Hakamada aliua au hakuua. Walikuwa wakibishania kama inaruhusiwa kulizungumza jambo hilo. Sheria iliyotumika muda wote huo haikuwalazimisha waendesha mashtaka kumwonyesha mwombaji kila ushahidi waliokuwa nao, na papo hapo iliwaruhusu kupinga amri ya kufungua kesi ngazi baada ya ngazi. Mmoja wa majaji watatu waliomhukumu 1968, Norimichi Kumamoto, alijitokeza 2007 akaeleza kwamba tangu siku ile aliamini mtu huyu hana hatia, ila alizidiwa kura na wenzake wawili, kisha akalazimika kuandika hukumu asiyoiamini. Alikuwa ameacha ujaji miezi michache tu baada ya hukumu hiyo. Hata ushuhuda wa jaji mwenyewe haukutosha kuufungua mlango.

Najua hoja ya upande wa pili, nami siibezi. Kesi lazima zifike mwisho. Kama kila hukumu ingeweza kufufuliwa wakati wowote, mashahidi wasingepumzika, familia za waliouawa zisingemaliza kulia, na mahakama zingezama katika maombi ya watu wanaojua fika kwamba walitenda. Wengi wanaoandika barua kutoka gerezani wakidai kuonewa hawakuonewa. Mtu anayefanya kazi hii na hakubali hilo atawachosha majaji na kuwaharibia wenye madai ya kweli. Hata hivyo hoja ya kuzilinda familia za wahanga ina upande wake wa giza ambao hautajwi sana. Kirk Bloodsworth wa jimbo la Maryland, Marekani, alihukumiwa kifo mwaka 1985 kwa kumbaka na kumuua msichana mdogo, akatoka 1993 baada ya vipimo vya vinasaba (DNA) kuonyesha kwamba si yeye. Miaka kumi baadaye, vinasaba vilevile vilimtambulisha mhusika halisi, na ikagundulika kwamba alikuwa amefungwa kwa kosa jingine katika gereza lilelile alimokuwa Bloodsworth, na walikuwa wanafahamiana. Familia ya mtoto yule ilikuwa imepewa mwisho wa kesi usio wa kweli.

Kinachoifanya hoja hii ya mwisho wa kesi iwe ya hatari ni pale inapogeuka kuwa woga wa taasisi kuaibika. Mwaka 1980, wanaume sita waliofungwa maisha kwa milipuko ya mabomu ya Birmingham ya 1974, iliyoua watu 21, walijaribu kuwafungulia polisi shauri la madai kwa kuwapiga wakiwa mahabusu. Jaji Denning wa Mahakama ya Rufaa ya Uingereza aliungana na wenzake kulizuia shauri hilo, na sababu aliyoitoa inasomwa na wanafunzi wa sheria hadi leo: wakishinda, itakuwa na maana kwamba polisi walidanganya chini ya kiapo, kwamba walitumia nguvu na vitisho, kwamba maungamo yalipokewa isivyostahili, na taswira hiyo inatisha kiasi kwamba kila mtu mwenye busara atasema shauri lisiendelee. Msome tena polepole. Hakusema madai yao ni ya uongo. Alisema yakiwa ya kweli yatatuumiza. Watu hao sita walikaa gerezani miaka mingine 11, mpaka Machi 1991, ushahidi wa polisi na wa kitaalamu ulipoporomoka na hukumu zao zikatenguliwa. Waswahili huita hali hiyo kufa na tai shingoni. Tatizo ni kwamba hapa anayevaa tai siye anayekufa.

Sasa niseme kuhusu rufaa, kwa sababu wananchi wengi hudhani rufaa ndiyo dawa. Mahakama ya rufaa kwa kawaida husoma kumbukumbu za mwenendo wa kesi ikitafuta kama kanuni zilifuatwa. Haimwoni shahidi, haimsikii, na humwachia hakimu wa kwanza kuamua nani wa kuaminiwa. Shahidi mkweli aliyekosea hupita katika chujio hilo bila kuguswa. Katika kesi ya Ronald Cotton wa North Carolina, mwanafunzi wa chuo aliyebakwa 1984 alimtambua Cotton kwenye picha, kisha kwenye gwaride la utambuzi, yaani safu ya watu wanaopangwa mbele ya shahidi ili amwonyeshe mhusika, na akamwonyesha kidole mahakamani kwa uhakika usiotikisika. Hakuwa akidanganya. Kesi iliporudiwa 1987, mtu ambaye kweli alimbaka, Bobby Poole, aliletwa mbele yake mahakamani ambapo wazee wa baraza, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, hawakuwapo, akaulizwa kama anamfahamu. Alijibu kwamba hajawahi kumwona. Picha ya Cotton ilikuwa imeshachukua nafasi ya sura ya mbakaji katika kumbukumbu yake, na kila alipomtambua tena alizidi kuwa na hakika. Vinasaba vilimtoa Cotton 1995. Katika kesi zaidi ya 370 za mwanzo zilizotenguliwa kwa vinasaba nchini Marekani, takribani asilimia 69 zilihusisha shahidi aliyemtambua mtu asiye mwenyewe, na karibu asilimia 29 zilihusisha mshtakiwa aliyekiri kosa ambalo hakulitenda. Mawakili wa utetezi tunajua kumbana shahidi mwongo. Kwa shahidi mkweli aliyekosea, maswali yetu makali humfanya tu aonekane mwaminifu zaidi.

Vinasaba, hata hivyo, vimetupa picha isiyo kamili. Wizi, utapeli, risasi iliyopigwa kutoka mbali: makosa mengi hayaachi mate wala damu ya kupima. Anthony Ray Hinton wa Alabama alihukumiwa kifo kwa mauaji ya mameneja wawili wa migahawa mwaka 1985 kwa sababu wataalamu wa serikali walidai kwamba risasi zilitoka kwenye bastola kuukuu ya mama yake. Wakati wa shambulio la tatu, ambalo majeruhi wake alinusurika, Hinton alikuwa kazini usiku ndani ya ghala linalofungwa, maili nyingi kutoka hapo. Wakili wake aliamini kimakosa kwamba sheria inamruhusu dola 1,000 tu za kumlipa mtaalamu, hivyo akampata mtu ambaye upande wa mashtaka ulimfanyia kejeli mbele ya wazee wa baraza kwa kuwa alikuwa na jicho moja na hakujua vizuri kuitumia hadubini. Mwaka 2002 wakili Bryan Stevenson alileta wataalamu watatu wenye sifa za juu waliosema kwamba risasi zile haziwezi kuunganishwa na bastola ile. Hinton alitoka tarehe 3 Aprili 2015. Jibu sahihi lilikaa mezani karibu miaka 12, huku serikali ya jimbo ikikataa kurudia kipimo ambacho kingechukua saa chache, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua 2014 kwamba hakupata utetezi unaostahili. Angalieni msingi wa uamuzi huo: kutokuwa na hatia siko kulikomtoa. Alitolewa na kosa la wakili kuhusu kiwango cha malipo.

Kuna mtego mwingine ambao kwa maoni yangu ni wa aibu kuliko yote, nao unahusu mfungwa anayekataa kukiri. Bodi za kupunguza vifungo humtaka mfungwa aonyeshe majuto, ahudhurie mafunzo ya kurekebisha tabia, aeleze kwa kinywa chake alichotenda. Mwenye hatia anaweza kulifanya hilo na akarudi nyumbani. Asiye na hatia ana njia mbili: aseme uongo atoke, au aseme kweli abaki. Andrew Malkinson wa Uingereza alihukumiwa 2004 kifungo cha maisha kwa ubakaji, akipangiwa muda wa chini wa takribani miaka saba kabla ya kufikiriwa kuachiwa. Alikaa miaka 17 kwa sababu hakukubali kusema alifanya. Mwaka 2007 tayari kulikuwa na vinasaba vya mwanamume mwingine vilivyopatikana kwenye sampuli za kesi hiyo, na tume ya nchi hiyo inayopitia kesi za jinai, ambayo kazi yake hasa ni hiyo, iliyakataa maombi yake mara mbili kabla ya kuipeleka kesi mahakamani. Hukumu ilitenguliwa Julai 2023. Nguo za mhanga zilikuwa zimeshaharibiwa na polisi. Kilichomwokoa ni vipande vya sampuli vilivyokuwa vimebaki kwenye ghala la kumbukumbu za maabara.

Wapo pia wanaokiri mahakamani bila kupigwa hata kofi. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya mameneja na wafanyakazi 900 wa vituo vya posta nchini Uingereza walitiwa hatiani kwa wizi na uhasibu wa uongo kutokana na upungufu wa fedha ulioonyeshwa na mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Mfumo ndio uliokuwa na hitilafu. Wengi walikubali kosa dogo ili waepuke shtaka kubwa na jela, na wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo, wakati simu za malalamiko zilikuwa zikipigwa kutoka kila upande wa nchi. Majirani nao wakaamini, kwa mantiki ileile ya lisemwalo lipo. Alan Bates, aliyekuwa meneja wa kituo kimojawapo, na wenzake walishinda Mahakama Kuu mwaka 2019, mahakama za rufaa zikaanza kutengua hukumu moja moja kwa mwendo wa kobe, na hatimaye Bunge lilipitisha sheria Mei 2024 iliyofuta hukumu hizo kwa mkupuo. Bunge kuingilia hukumu za mahakama si jambo la kushangiliwa, na bado lina ukakasi kwangu, lakini ni kipimo kizuri cha jinsi njia ya kawaida ilivyokuwa imeziba.

Nini basi kifanyike? Uingereza ilianzisha tume yake mwaka 1997, baada ya aibu ya kesi za Birmingham na nyinginezo, ili maombi yasiishie mezani kwa waziri. Kanada ilipitisha sheria ya kuunda tume ya namna hiyo Desemba 2024, ikaipa sheria hiyo majina ya David Milgaard, aliyefungwa miaka 23 kwa mauaji ambayo hakuyatenda, na mama yake Joyce, aliyempigania bila kuchoka. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 50(6), inamruhusu aliyetiwa hatiani kuomba Mahakama Kuu kesi mpya endapo njia za rufaa zimekwisha na umepatikana ushahidi mpya wenye uzito. Ni hatua njema. Hata hivyo ibara kama hiyo humtaka mfungwa alete ushahidi mpya, na mtu aliye nyuma ya nondo, asiye na wakili wala simu, ataupelelezaje? Tume ina maana pale tu inapokuwa na wapelelezi wake, bajeti yake, na mamlaka ya kumwamuru polisi afungue stoo na kabati zake. Kesi ya Malkinson imeonyesha kwamba hata ikiwa na mamlaka inaweza kukaa kama mahakama ndogo ya rufaa, ikisubiri kuletewa. Mahojiano yote ya polisi yarekodiwe kwa sauti na picha kuanzia dakika ya kwanza, na gwaride la utambuzi lisimamiwe na askari asiyemjua mtuhumiwa ni yupi. Hayo mawili hayana gharama kubwa, na sioni hoja ya maana ya kuyapinga.

Fidia niitaje kwa ufupi, kwa kuwa ndiyo huonyesha serikali inavyomwona mtu huyu baada ya kumfungulia. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ibara ya 14(6), unasema aliyeadhibiwa kwa hukumu iliyotenguliwa kutokana na ukweli mpya alipwe kwa mujibu wa sheria. Hakamada alipewa mwaka 2025 zaidi ya yeni milioni 217, hesabu ya yeni 12,500 kwa kila siku aliyokaa ndani. Hinton hakupata chochote kutoka jimbo la Alabama. Na nchini Uingereza, tangu mabadiliko ya sheria ya 2014, anayedai fidia anatakiwa athibitishe bila kuacha shaka yoyote ya msingi kwamba hakutenda kosa. Mzigo tunaoubebesha upande wa mashtaka ili kumfunga mtu, wanambebesha yeye ili kumlipa. Victor Nealon, aliyekaa miaka 17, na Sam Hallam, aliyekaa miaka saba, wote wakitolewa na ushahidi mpya, waliipeleka sheria hiyo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na Juni 2024 wakashindwa.

Kwa wanafunzi mtakaoingia katika kazi hii nina ombi moja la kiutendaji. Rejista ya Marekani inayofuatilia hukumu zilizotenguliwa imekwisha kuandika zaidi ya kesi 3,500 tangu 1989, na jumla ya miaka iliyopotea gerezani inapita 30,000. Karibu katika kila moja ya kesi hizo kulikuwa na mtu aliyeamua kulisoma jalada mpaka ukurasa wa mwisho na kukikuta kitu ambacho wengine walikipita. Msianze na barua ya mfungwa, ambayo itawagusa, wala na hukumu, ambayo itawashawishi. Anzeni na orodha ya vielelezo. Ulizeni kila kimoja kiko wapi leo, nani ana ufunguo wa stoo, na lini kimepangwa kuteketezwa, kisha ombeni kwa maandishi kisiguswe, siku hiyohiyo, kabla hamjaandika neno jingine lolote kuhusu kesi yenyewe.